Kabla hujapanda kifurushi, angalia ruta yako kwanza

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii naomba mniachie kama ilivyo maana inagusa nyumba nyingi sana hapa mjini, ni kuhusu hizi ruta za Wi-Fi za majumbani na hela tunazotoa kila mwezi kununua spidi ambayo haitufikii.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sinza, natunza mahesabu ya maduka ya watu, kwa sasa nina maduka kumi na moja na kazi yote naifanyia nyumbani kwenye chumba cha uani. Mwenye kazi kama yangu anajua tarehe 20 ya mwezi ni siku gani, ndio mwisho wa kutuma ritani za VAT, ukichelewa faini inamwangukia mteja na mteja anakuangukia wewe, kwa hiyo intaneti kwangu ni kama cherehani kwa fundi nguo, ikigoma sina kazi.

Mwaka jana tukafunga faiba. Tulifurahi kwa kweli, miaka yote tulikuwa tunaishi kwa bando za simu, mara imeisha, mara mtoto kaimaliza kwenye katuni. Mafundi wakaja wawili, wakatoboa ukuta wa sebuleni pale karibu na TV kwa sababu ndio karibu na nguzo, wakafunga kiboksi chao chenye ruta humo humo ndani nyuma ya TV, wakapima kwa simu wakiwa wamesimama hapo hapo, wakasema mama hii inakimbia, nikasaini karatasi wakaondoka, haikufika hata saa moja. Kifurushi kilikuwa cha megabiti 20. Sebuleni ni kweli ilikuwa inakimbia. Ila ofisini kwangu uani, kuta tatu kutoka pale, yani picha moja tu ya WhatsApp inazunguka mpaka unaweka simu chini unaenda kugeuza mboga jikoni. Nikapiga simu kwa kampuni, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole tu kwamba mama humo ndani watumiaji mko wengi, panda kifurushi. Nikapanda, nikachukua cha megabiti 50, nikakilipia miezi mitano. Sebuleni watoto wakashangilia, ofisini kwangu hakikubadilika kitu.

Kuna tarehe 20 moja sitaisahau. Mtandao ofisini ulikwama toka magharibi, ukurasa unafunguka nusu unakata, nikiingiza namba ya mlipakodi unanirudisha mwanzo. Saa tano usiku nikabeba laptopu na mafaili nikaenda kukaa chini kwenye mkeka sebuleni, baba yao na vijana wake wanaangalia mpira, na pale pale chini karibu na TV ritani nne zilizokuwa zimebaki zikaenda zote ndani ya nusu saa. Nilikaa nimeikumbatia ile laptopu nikajiuliza, sasa kama hapa inaenda na kule haiendi, mimi nimelipia nini miezi yote hii?

Kesho yake nikamwita kijana mmoja wa mtaa wa pili anayefunga kamera na mitandao ya maofisini. Hakuanza na simu. Alitoa waya mfupi kwenye begi lake, akachomeka upande mmoja kwenye kiboksi cha faiba na upande mwingine kwenye laptopu yangu, akazima Wi-Fi ya laptopu, akapima. Ikaja 49. Akachomoa waya, akapima kwa Wi-Fi hapo hapo sebuleni, 31. Tukaenda uani, 2. Akaniambia mama, maji ya bomba yanafika mpaka getini kwako yote, yanavuja humu ndani.

Hicho kipimo cha waya ndio nataka kila msomaji akifanye kabla hajagombana na mtu. Kama kwa waya nako hupati unacholipia, hapo una haki ya kupiga simu kampuni na kuwabana. Na kuna siku tatizo liko mbali hata na kampuni yenyewe, tunakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi zetu zote hizi zikayumba, siku ile ungebadilisha ruta hata kumi usingepata kitu. Lakini kama kwa waya spidi iko kamili na kwa Wi-Fi haipo, usiongeze hata shilingi kwenye kifurushi. Shida ni ruta, au mahali ilipokaa, au vyote viwili kama ilivyokuwa kwangu.

Nikafanya kosa lingine. Sikumsubiri yule kijana, nikapanda daladala mwenyewe mpaka Kariakoo. Muuzaji akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi, nikamwambia vinne na cha uani, akashusha ruta nyeusi ina antena sita, akasema hii inapita kuta zote mama, elfu 75. Nikalipa. Nilivyofika nyumbani kijana akaligeuza boksi akanionyesha kwa kidole, imeandikwa gigahezi 2.4 peke yake na matundu yake yote ya waya ni ya megabiti 100. Nilichonunua kilikuwa kile kile nilichokuwa nacho, kimeongezwa plastiki. Kurudisha wakakataa, risiti yao imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Iliniuma sana, elfu 75 ni malipo ya mwezi mzima ya duka langu moja dogo.

Sasa ngoja nieleze zile namba za kwenye boksi kama nilivyoelezwa mimi, maana pale ndipo watu tunapopotezwa.

Wi-Fi nyingi za nyumbani zinatembea kwenye masafa mawili. Kuna gigahezi 2.4 na kuna gigahezi 5. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta vizuri kidogo kuliko mwenzake, lakini ni njia nyembamba na wote tumejazana humo, spika za Bluetooth ziko humo, maikrowevu ikiwa inapasha chakula inapiga kelele humo humo, na ruta za majirani zote. Chaneli zisizogongana kwenye 2.4 ni tatu tu, 1, 6 na 11. Yule kijana alifungua programu kwenye simu yake tukiwa uani kwangu, tukahesabu Wi-Fi 27 zinasikika, sasa piga picha 27 zinagombania njia tatu, na Sinza nyumba zilivyobanana mnajua wenyewe. Ya gigahezi 5 ina chaneli nyingi na spidi kubwa, ila ukuta unaisumbua, ikikutana na ukuta wa pili wa tofali inaanza kuchoka. Kwa hiyo ruta unayoitaka ni yenye vyote viwili, ya bendi mbili, simu ikiwa karibu inatumia 5 ikienda mbali inarudi 2.4.

Na hapa kuna mtego. Wauzaji wengi wanaiita ile gigahezi 5 "5G", na hata kwenye simu jina la Wi-Fi linatokea lina 5G mwishoni, mtu anaondoka dukani anaamini kanunua ruta ya 5G ya mitandao ya simu. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. 5G ya mitandao ya simu ni laini na mnara, hii nyingine ni redio ya ndani ya nyumba yako tu. Ruta ya laini ya 5G bei yake huwezi kuifananisha na hizi, ukiambiwa elfu 80 ujue unauziwa hiyo nyingine.

Halafu kuna zile herufi. Ukiona N300, hiyo N ni kizazi cha nne cha Wi-Fi, teknolojia ya mwaka 2009, na nyingi ni za 2.4 peke yake. AC ni kizazi cha tano, AX ni cha sita. Namba inayofuata ni jumla ya spidi za bendi zote mbili zimejumlishwa, na zimejumlishwa kwenye karatasi tu. AC1200 maana yake ni 300 za kwenye 2.4 na 867 za kwenye 5, wakajumlisha wakapata 1167 wakaikuza ikawa 1200. AX1500 hivyo hivyo, 300 na 1201. Simu yako inashika bendi moja kwa wakati mmoja kwa hiyo ile jumla haitakaa iipate, na hata hiyo ya bendi moja ukipata nusu yake shukuru. Lakini tulia uhesabu, nusu ya 867 ni zaidi ya 400, mimi kifurushi changu ni 50. Ya nini kuhangaika na namba kubwa zaidi ya hapo?

Kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida yenye kifurushi kisichozidi megabiti 100, AC1200 ya bendi mbili inatosha kabisa. Hiyo ndio ruta ya bei nafuu ninayoishauri mimi. N300 kwa bei iko chini yake lakini kwa mitaa iliyobanana kama ya kwetu ni hela ya kutupa, labda uwe unakaa chumba kimoja na ruta unaiona kwa macho. Huko mashambani au sehemu nyumba ziko mbalimbali hiyo 2.4 haina msongamano, hapo N300 unaweza ukaishi nayo vizuri tu.

Ila hata hizo AC1200 hazifanani, angalia matundu ya waya. Kuna za matundu ya 100 na kuna za gigabiti yani 1000. Mfano TP-Link wana Archer C50 na wana Archer C6, zote mbili ni AC1200, lakini C50 matundu yake ni ya 100 na C6 ni gigabiti. Hakuna ubaya, kila moja ina mtu wake. Kama kifurushi chako ni 20 au 50 tundu la 100 halikubani popote. Ukichukua cha 200 ukaweka ruta ya tundu la 100, utapata kama 94 hivi na hizo nyingine zote unalipia hewa kila mwezi, na hakuna atakayekuambia. Hata viboksi vya faiba viangalie, kuna ambavyo tundu moja tu ndio la gigabiti na mengine matatu ni ya 100, ukichomeka tundu baya umejifunga mwenyewe.

AX, yani Wi-Fi 6, kama hela ipo chukua, inapanga foleni ya vifaa vingi vizuri kuliko za zamani, na ulinzi wake wa paswedi ni ule mpya unaoitwa WPA3. Ila ujue simu nayo lazima iwe ya Wi-Fi 6 ndio ufaidi spidi yake, na simu nyingi za bei ya chini tunazowanunulia watoto bado ni za 2.4 peke yake, hazioni hata ile bendi ya 5. Angalia simu zenu kwanza ndio mnunue. Ya kizazi cha saba nayo imeshatoka, hiyo tuwaachie wenye nayo.

Nasema pia kuhusu megabiti na megabaiti maana nimeshasikia watu wanaapa wameibiwa. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, faili unalopakua linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukiwa na megabiti 20 ukaona faili linashuka kwa megabaiti 2 na nusu kwa sekunde, uko sawa kabisa. Na mahitaji yenyewe siyo makubwa hivyo, Netflix wao wenyewe wanasema video ya HD kamili inataka megabiti 5, na ile ya 4K inataka 15. Nyumba ya watu watano haihitaji 100. Kwangu ilikuwa inahitaji 20 zinazofika.

Kuhusu antena, naomba sana tuache kuhesabu antena kama tunanunua mkungu wa ndizi. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria, kwa hiyo antena sita hazimaanishi mara sita ya kitu chochote, na kuna ruta zimejificha antena zote ndani na zinafanya kazi vizuri tu. Antena ulizonazo zisimamishe wima kama nyumba ni ya chini tu, mawimbi yanatoka ubavuni mwa antena, kwenye ncha hakutoki kitu, nimeona watu wanaielekeza ncha chumbani kama wananyooshea tochi. Kama nyumba ni ya ghorofa, antena moja ilaze upande.

Mahali pa kuiweka, hapa ndipo mimi nilipopona. Nyuma ya TV ni mahali pabaya kuliko pote, TV ile ina bamba la chuma mgongoni, kuna dekoda inatoa joto, pembeni kabati la vioo, na iko ukutani kabisa kwenye kona ya nyumba, nusu ya mawimbi yanaenda kwa jirani na barabarani. Zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji, simtanki la maji, vyote hivi vinakula mawimbi. Iweke juu, kwenye kimo cha mlango hivi, katikati ya nyumba, mahali wazi. Mafundi wa makampuni wanaweka pale walipotobolea kwa sababu waya wao unaishia pale na kazi zinawasubiri, siwalaumu sana, lakini wewe ndio utaishi nayo.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Nikanunua ruta ya bendi mbili AC1200 yenye matundu ya gigabiti kwa 115,000, kijana akavuta waya mita 25 kutoka kwenye kiboksi sebuleni, akaupitisha juu ya dari mpaka kwenye korido, ruta akaifunga pale juu karibu na mlango wa kutokea uani. Akaiseti ifanye kazi ya kurusha Wi-Fi tu, kugawa anwani akakiachia kiboksi, maana vikigawa vyote viwili printa inaweza isiione laptopu. Wi-Fi ya kwenye kiboksi akaizima. Ofisini nikapima, 44. Nikakaa kimya nikapima tena. Mwezi uliofuata nikarudi kwenye kifurushi cha 20, na ofisini napata 19, na kazi zangu zote zinaenda, mtoto mkubwa yuko kwenye kipindi cha chuo kwa video na baba yake anaangalia mpira.

Na huo waya msiudharau. Kuna watu wanakimbilia vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vya kurefusha Wi-Fi, vingi vinapokea na kurusha kwa redio ile ile moja kwa hiyo spidi inakatika nusu hapo hapo. Waya hauchoki, unaenda mpaka mita 100 bila kupoteza kitu. Chukua waya wa daraja la Cat 5e au Cat 6, ila uliza kama ni shaba tupu maana kuna wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, ni wa bei chee lakini unakatika ukiupinda na kichwani haushiki vizuri. Ndani ya waya kuna nyuzi 8, gigabiti inazitaka zote, moja tu ikikatika spidi inaweza kuanguka mpaka 100 na wewe utaanza kuilaumu ruta.

Wasomaji ambao faiba haijawafikia, wa Chamazi, Goba huko ndani, Kibaha, na mikoani kwingi, nyie mnatumia ruta za laini. Kwenu mambo ya kuangalia ni mengine. Kwanza uliza imefungwa na mtandao mmoja au inakubali laini zote, zile za bei ya kutupwa mara nyingi zimefungwa. Pili kuna namba inaandikwa Cat 4 au Cat 6, msichanganye na ile ya waya, hapa Cat 4 mwisho wake ni megabiti 150 kushusha na Cat 6 ni 300, tena hizo ni za maabara. Tatu, iweke dirishani upande wa mnara. Dada yangu anaishi Kibaha alikuwa anazungushazunguka nayo kwa kubahatisha mpaka akaonyeshwa ukurasa wa ndani wa ruta kuna namba inaitwa RSRP, yani nguvu ya mawimbi yanayokufikia toka mnarani, ikisoma minus 80 uko vizuri, ikishuka mpaka minus 110 au chini ya hapo uko pabaya. Alihama nayo dirisha kwa dirisha anasoma namba, dirisha la jikoni likashinda. Na kama inakaa mbali sana na mnara, tafuta yenye matundu ya kufungia antena ya nje ya juu ya paa.

Umeme nao. Ruta ya kawaida inakula kama wati 10, iache mwezi mzima usiku na mchana ni uniti 7 hivi za LUKU, kwa hiyo kuizima usiku kwa ajili ya kubana matumizi faida yake ni ndogo. Umeme ukikatika faiba yenyewe haifi, kinachokufa ni kiboksi na ruta yako, na siku hizi kuna vile vibetri vidogo vya UPS vya ruta vinavyokaa masaa kadhaa. Kabla hujanunua soma kwenye adapta zako, kuna ruta za volti 9 na kuna za volti 12, ukikosea unaunguza, na hakikisha kibetri kina matundu mawili maana unalisha vitu viwili. Mimi kangu kamenivusha tarehe 20 mbili tayari.

Usalama nitasema kwa kifupi tu. Paswedi ya kuingilia ndani ya ruta ile inayokuja admin admin ibadilishe siku hiyo hiyo, Wi-Fi iwe WPA2 au WPA3, kile kitufe cha WPS cha kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi kizime, na wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni. Kuna nyumba spidi imeisha kwa sababu mtaa mzima una paswedi yao toka msiba wa mwaka juzi.

Sasa Mhariri, ombi langu ambalo ndio limenifanya niandike. Makampuni yanayofunga faiba majumbani, naomba fundi kabla hajasainisha karatasi apime kwenye chumba ambacho mteja anakitumia, asipime akiwa amesimama mbele ya kiboksi, na aandike kwenye ile karatasi spidi ya kwa waya na spidi ya kwa Wi-Fi vyumba viwili tofauti. Na dada zetu wa huduma kwa wateja kabla hawajamwambia mtu apande kifurushi wamuulize swali moja tu, umepima kwa waya? Kuuza kifurushi kikubwa kwa mtu ambaye kile kidogo hakijamfikia chumbani si haki, hata kama ameridhia mwenyewe.

TCRA, yani Mamlaka ya Mawasiliano, ndio wanaohakiki vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, nawaomba waende hatua moja mbele, waagize kila boksi la ruta liwe na maelezo mafupi ya Kiswahili, bendi ngapi, matundu ya waya ni ya 100 au ya gigabiti, inakubali laini zote au imefungwa. Mistari mitatu tu. Maziwa ya pakiti yanaandikwa Kiswahili, sabuni inaandikwa Kiswahili, kitu cha laki moja na kitu kinakuja na Kiingereza na Kichina na mama aliyetoka Manzese na hela ya kikoba anaambiwa hesabu antena. Wauzaji wa Kariakoo nao najua wengi ni waaminifu, na nimekutana nao baadaye, aliyeniuzia hii ya pili alinifungulia boksi na kunionyesha kila kitu kabla sijatoa hela.

Na swali langu la mwisho ni kwa wasomaji wenzangu. Mdogo wangu amehamia kwenye fleti ya ghorofa tatu, kuta zote ni zege la kumwaga, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa wala kupitisha waya nje, na Wi-Fi inaishia mlangoni mwa chumba cha kulala. Nimesikia kuna vifaa vinapitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za ndani ya nyumba, lakini sijakutana na mtu wa hapa Dar aliyevitumia na umeme wetu huu. Kama yupo naomba aandike kupitia gazeti hili atuambie alipata ngapi kwa waya na ngapi chumbani.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama wa mahesabu,
Sinza, Dar es Salaam